Nani Atachinja Ng'ombe wa Mama

Zagayu, Itilima
Jumapili, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Nyanzobe,

Mwangaluka. Nakusalimu kwa jina alilokupa mama. Lile la ubatizo, Apolonia, ulikwisha kuliacha, na lile la ndoa yako, Zuhura, ulimi wangu wa miaka sabini na mbili bado haujalizoea. Msalimie shemeji Bujiku, na watoto, hasa Sauda.

Huku hatujambo kwa kiasi. Mvua za Januari zilizidi, pamba ya bondeni imegeuka njano, ila ile ya upande wa kilima imeshika vizuri na wiki hii tunapulizia dawa ya funza wa vitumba. Goti langu la kushoto ni lile lile. Wifi yako Justina anasema ulisahau kitenge chako kwenye kamba siku ya mazishi. Amekifua na kukikunja. Ng'ombe mwekundu wa mama amezaa ndama jike.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu huita kwako mpaka inachoka. Sikulaumu. Hata ungepokea, simu huwafanya watu wakatishane maneno, lakini anayesoma barua hana budi kusikiliza mpaka mwisho. Joakim, yule anayekuja huko na Fuso kuchukua dagaa, amekubali kuwa tarishi wetu.

Jambo lenyewe ni hili. Ukoo umepanga kumaliza msiba wa mama Jumamosi ya tarehe 17 Agosti, watu wakiwa wamekwisha kuuza pamba. Unajua utaratibu wa ukoo wetu, lakini nauandika ili usije ukasema hukukumbushwa. Siku hiyo huchinjwa ng'ombe wa marehemu. Wote waliotoka tumboni mwake hula nyama hiyo pamoja, na baada ya kula ndipo wazee hutaja nani ana sehemu gani katika mji wa marehemu, mashamba na mifugo. Asiyekula huhesabiwa kuwa amejitoa mwenyewe. Sikutishi, naeleza tu.

Siku ya mazishi mliondoka kabla ya chakula. Watu waliuliza. Niliwajibu kwamba mlikuwa mnawahi gari. Safari hii njoo mapema, wewe na shemeji na watoto wote, mlale.

Kaka yako,
Boniventura Mayala


Lamadi
20 Machi 2024

Kaka Boniventura,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwenye gari la Joakim siku kumi na tisa. Anasema aliisahau juu ya kioo, akawa anaitumia kuzuia jua. Usimgombeze, ameniletea na mchele kutoka kwa Justina, mwambie nimeshukuru.

Sisi tumo kwenye mfungo. Joto la huku unalijua, na dagaa hawajui kwamba watu wamefunga, lazima wageuzwe juani kila saa. Ziwa limesogea mpaka kwenye vichanja vya kuanikia, tumehamisha vingine mara mbili. Sauda yuko kidato cha tatu, ananishinda urefu. Bujiku yupo.

Sasa hilo gari tulilokuwa tunaliwahi ni gari gani, kaka? Tuliondoka saa nane mchana, na la mwisho hupita saa kumi na moja. Waliokuuliza walikuwa wanajua. Walimwona yule kijana Mayunga akichinja ng'ombe wa mazishi mbele ya uso wa Bujiku, na Bujiku amesimama pale na koleo mkononi, ametoka kumfukia mama mkwe wake. Watoto wangu walikunywa chai ya rangi kwenye msiba wa bibi yao kama wapita njia.

Nina swali moja. Nijibu kwa mstari mmoja, ingawa najua itakuwia vigumu. Tarehe 17 nani atachinja ng'ombe wa mama?

Mdogo wako,
Nyanzobe


Zagayu, Itilima
Jumapili, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Nyanzobe,

Natumaini mmemaliza mfungo salama na Idi imewakuta wazima. Sisi tulisherehekea Pasaka kwa mvua. Ibada iliisha saa nane kwa sababu padri alikwama mtoni. Justina alipata malaria, sasa ni mzima. Namshukuru Mungu.

Swali lako ni fupi, lakini jibu lake lina historia, na mtu asiyejua historia yake atadhani ni jambo la kisu tu. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Mwaka 1974 tulihamishiwa hapa wakati wa operesheni ya vijiji, watu wa kila namna wakamwagwa mahali pamoja na mabati yao. Shabani, baba yake Bujiku, alikuwa ametoka Tabora kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, akahesabiwa nasi. Krismasi ya kwanza baba yetu, akiwa katekista, alitoa dume ili kijiji kizima kile. Siku ilipofika akaona nyumba tano zimesimama pembeni. Akamwendea Shabani, nami nikiwapo.

"Shabani, ukichinja wewe, watu wako watakula?"

"Watakula."

"Basi shika kisu."

"Na watu wako, Katekista?"

"Watu wangu nimewalea mwenyewe. Wanakula chochote kilichokufa vizuri."

Watu walicheka mpaka dume likashtuka. Tangu siku hiyo hapakuandikwa kitu, lakini kila harusi, kila ubatizo, kila msiba, Shabani alichinja, na alipozeeka akachinja Bujiku. Ilikuwa namna ya mwenye mji kuhakikisha kwamba hakuna mgeni anayeondoka na njaa.

Kilichobadilika tunakijua. Vijana wana simu. Mwaka juzi na mwaka jana waliletewa picha za makanisa yanayoungua katika nchi ambazo hawawezi kuzionyesha kwenye ramani. Walizitazama mpaka wakashiba hasira, kisha wakainua macho, wakamwona Bujiku. Ndipo akaja yule mhubiri mwenye jenereta, akakaa jioni saba. Alisema nyama iliyosomewa maneno ya dini nyingine humfunga anayeila. Hata watu wa parokia yetu walikwenda kumsikiliza, kwa kuwa alikuwa na taa.

Naeleza hivi si kwa kuwatetea. Nataka ujue kwamba watu hawa hawakuzaliwa wabaya, na kwamba jambo lililoletwa na upepo linaweza kuondoka na upepo. Ukoo utakaa mwezi Juni. Nitalipeleka swali lako mbele yao kwa utaratibu.

Hukuandika kama Bujiku anasalimu. Natumaini ni haraka tu ya kalamu.

Kaka yako,
Boniventura


Lamadi
4 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimechelewa kwa makusudi. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya godoro, nikaitoa tena nikitafuta mstari wenye jibu. Umenipa baba, umenipa Shabani, umenipa operesheni ya vijiji na ramani ya dunia. Jibu hukunipa.

Habari za huku. Dagaa mwezi huu ni wachache. Mdogo wake Sauda ameng'oka meno ya mbele. Sauda mwenyewe alirudishwa nyumbani siku mbili kwa ajili ya ushungi; mwalimu wa zamu, mgeni, alimwambia pale si madrasa. Mkuu wao alisawazisha, akasema mtoto ana haki yake. Sasa anakwenda, ila akifika getini anasimama kwanza kutazama nani yuko zamu. Na mimi nimekuwa mwoga. Zamani nikisikia mkutano wa dini, uwe wa nani, nilikuwa nasogea kusikiliza nyimbo. Sasa nikisikia mtu anajaribu spika, "helo, helo," naanza kuwatafuta watoto mmoja mmoja mpaka watimie.

Acha nikueleze ya gulioni huko Zagayu, maana hujawahi kuniuliza. Ilikuwa Jumanne, tarehe 10 Oktoba mwaka jana, kama saa nne. Bucha yetu ilikuwa na nusu ng'ombe, muhuri wa bwana mifugo haujakauka. Wakaja vijana kama kumi na watano. Si wageni, kaka. Ni watoto wa humo humo, umewafundisha, nimewapa uji. Mayunga akaniambia, "Mama, nyama yenu imesomewa. Hatutaki kufungwa."

Nikamwambia, "Mayunga, umeila tangu unanyonya. Umefungwa wapi?"

Wenzake wakacheka, hata yeye akacheka kidogo. Nikadhani imekwisha. Kisha mmoja akachomoa paja kwenye ndoana akalitupa nje. Bujiku akatoka, akainama, akaliokota, akalifuta kwa shati lake alilovaa. Wakalipiga teke. Akaokota tena. Mara ya tatu hakuinama, akasimama tu akilitazama. Wakatoa yote. Wakang'oa na kibao chenye jina lake. Mgambo walikuja baada ya swala ya adhuhuri, wakatuambia tutunze amani.

Gulio lilikuwa limejaa. Wakwe zetu walikuwepo, watu wa jumuiya ya mama walikuwepo. Wakati wote ule nilikuwa natafuta kofia yako juu ya vichwa vya watu.

Tangu hapo, hata baada ya kuhamia huku Lamadi, Bujiku hachinji, hata kuku. Watu wa msikiti wa hapa walimwomba siku ya ndoa ya binti wa imamu, akasema mkono unauma. Mkono hauumi.

Na yote yalianzia kwenye mkutano wa wazazi wa shule, Agosti ya mwaka jana, uliouongoza wewe. Nimesikia watu walipiga makofi.

Nitakuja Agosti kwa sharti moja. Atoke mtu wa ukoo, aje mpaka hapa Lamadi, amwombe Bujiku kwa mdomo wake achinje ng'ombe wa mama. Si kwa barua.

Na nijibu hili pia. Jumanne ile ulikuwa wapi?

Nyanzobe


Zagayu, Itilima
Jumapili, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Nyanzobe,

Mhola? Sisi tuko wazima. Pamba imeanza kupelekwa ghalani, na Justina ana mgongo kwa ajili ya kuvuna. Ndama wa ng'ombe mwekundu anakimbia. Pole kwa ya Sauda. Mwambie asimame hapo getini akijua kwamba haki yake imeandikwa katika Katiba ya nchi, ibara ya kumi na tisa, wala haikutolewa na mwalimu wa zamu.

Ukoo ulikaa Jumamosi iliyopita nyumbani kwangu. Niliwasomea sehemu ya barua yako yenye sharti. Nakuandikia yaliyosemwa kama yalivyosemwa.

Ngassa, mdogo wetu, alianza. "Kwa hiyo shemeji anatuwekea masharti kwenye msiba wa mama yetu?"

Shangazi Dorkasi akamgeukia. "Wewe Ngassa, harusi yako nani alichinja?"

"Enzi zile tulikuwa hatujui, shangazi."

"Hujui nini? Ulikula mapaja mawili, nilikuona. Na mfupa ukaomba."

Watu walicheka, nami nikaona mlango umefunguka kidogo. Lakini mwanangu Sylvester akasema, "Baba, wewe mwenyewe ulisema kwenye mkutano wa shule kwamba hakuna sheria inayotulazimisha. Tulikusikia wote."

Nikamwambia, "Nilieleza sheria, Sylvester. Sikutoa amri."

"Sasa tofauti yake ni nini?"

Sikutaka kubishana na mwanangu mbele ya watu. Niliona pia kwamba nikimtuma mtu kwa Bujiku, Ngassa na wenzake hawatakula, na nikimwita Mayunga, ninyi hamtakula. Basi nikatoa uamuzi kama mwenye mji. Tarehe 17 hatachinjwa ng'ombe yeyote. Tutakula wali, dengu na maziwa. Ngassa akauliza kama kweli mama aliyeacha zizi limejaa atamalizwa na dengu. Nikamjibu ndiyo. Wamekubali, ingawa kwa manung'uniko.

Kwa namna hii hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, na wote tutakaa kwenye mkeka mmoja. Nimelipima jambo hili kila upande, nami naamini ni la haki. Lile swali lako la pili nimeliona. Tutalizungumza tukionana.

Kaka yako,
Boniventura


Lamadi
25 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Poleni na mavuno. Hapa tuko salama, upepo umekuwa mkali, wavuvi siku nyingine hawaingii. Sauda amefanya mtihani wa nusu mwaka.

Barua yako nilimsomea Bujiku. Kwenye mapaja ya Ngassa alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tuhame. Nilipofika kwenye dengu alifuta macho. Kisha akasema, "Twende. Mimi sikuhitaji wali wao. Hata wangechinja wenyewe, ningekula ugali na mtindi nikarudi. Mama mkwe ni mama." Na si maneno ya leo. Tangu Machi ananiambia hivyo. Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba ni dini iliyokataa, wala Bujiku. Anayekataa ni mimi.

Wewe ulitafuta namna ya kutomkosea mtu yeyote, ukaishia kumkosea mama. Mwanamke aliyepikia kila mtu aliyepita mlango ule, leo anamalizwa kwa dengu ili mwanawe mkubwa asilazimike kuchagua. Kisu kilikuwa kimoja, na watu wa kukabidhiwa walikuwa wawili. Ulikificha kisu, ukatuita tukusifu.

Afadhali ungemwita Mayunga. Ningejua umesimama wapi.

Unasema tutazungumza tukionana. Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, chini ya taa ya chemli, kwa rula ya kunigonga vidole. Nimesoma. Mtu aliyekuwa mbali angesema alikuwa mbali.

Sisi hatuji. Mpikie Shangazi Dorkasi vizuri, yeye amejaribu.

Nyanzobe


Zagayu, Itilima
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Mdogo wangu Nyanzobe,

Nakusalimu, na Bujiku, na watoto. Nyumbani wote ni wazima wa mwili.

Msiba wa mama tuliumaliza juzi. Watu walikuwa wachache. Walikula wali na dengu bila kusema neno, isipokuwa wale ndugu waliotoka Mwandoya, ambao walisema kwa sauti kwamba wangejua wangekula kwao. Sikuweza kuwalaumu. Nilitazama sinia ikipita, nikaona kwamba barua yako ilisema kweli. Ule haukuwa msiba wa mtu aliyekuwa na mji.

Zilipoanza kutajwa sehemu, jina lako lilipofika, Ngassa alisema asiyekula amejitoa. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maelezo, Nyanzobe, unanifahamu, kurasa tatu. Sikuyasoma. Nilisema tu kwamba hukujitoa, tulikutoa sisi, na wa kwanza ni mimi. Kisha nikawaambia jambo ninalokuandikia sasa, kwa kuwa ulistahili kulisikia kabla yao.

Kwenye ule mkutano wa wazazi waliuliza kama ng'ombe wa mahafali ya darasa la saba ni lazima achinjwe na Mwislamu. Niliwaeleza kwamba hakuna sheria inayosema hivyo, kwamba kila mtu ni huru katika imani yake. Ni kweli, hakuna. Palikuwa na nusu ya pili, nami nilikuwa nayo mdomoni: kwamba haikuhitaji kuwa sheria, kwa sababu ilikuwa ukarimu wetu wenyewe, na kwamba uhuru ule ule ni wa watoto kumi na mmoja wa Kiislamu waliokuwa wanamaliza pamoja na wenzao. Lakini watu walikuwa wamekwisha kupiga makofi. Nilipenda yale makofi. Ni muda mrefu tangu nistaafu. Nikafunga mkutano. Siku ya mahafali watoto wale kumi na mmoja walikula wali mkavu, wenzao wakiwatazama, nami nikiwa kwenye meza kuu.

Sasa lile swali lako. Jumanne ile asubuhi nilikuwa nimekwisha kuvaa kwa safari yangu ya wilayani. Sylvester akaja, akasimama mlangoni, akasema, "Baba, leo usipite gulioni." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Usipite tu." Sikuuliza mara ya pili. Mtu husita kuuliza mara ya pili pale anapokuwa amekwisha kujua. Ilikuwa kama saa mbili. Kwa baiskeli ni mwendo wa robo saa mpaka kwenu. Ningeweza kumwambia Bujiku afunge bucha. Ningeweza kwenda kusimama pale mlangoni, hata bila kusema kitu. Nilivua koti, nikachukua daftari la mkutano wa shule, nikaanza kuandika upya kumbukumbu kwa mwandiko safi. Saa nne ulipokuwa unatafuta kofia yangu, ilikuwa imetundikwa ukutani, nami nilikuwa naandika kwamba mkutano uliisha kwa amani.

Nilijiambia nikienda nitaonekana nina upande. Nilijiambia mtu mzima hapaswi kuwachochea vijana kwa kuwapinga hadharani. Nina maneno mengi ya namna hiyo, nimeyakusanya maisha yangu yote.

Nilipomaliza kusema, Sylvester aliinuka akaondoka. Hajaongea nami tangu juzi.  Mayunga alikuwa ameketi karibu na masufuria, kwa kuwa alikuja kusaidia kubeba maji. Akasema taratibu, bila ubishi, "Mwalimu, si ungetuambia siku ile? Tungekusikia." Hilo neno ndilo linaloninyima usingizi. Nilikuwa nimejifariji kwamba wasingenisikia.

Sehemu yako wazee wameiahirisha. Ngassa hajakubali. Nitaendelea kusimama, lakini siwezi kukuahidi matokeo, kwa sababu nguvu niliyokuwa nayo mwaka jana sina tena. Niliiacha kwenye yale makofi.

Naomba ruhusa moja. Niruhusu nije Lamadi nimweleze Bujiku haya mimi mwenyewe. Sitamwomba achinje, wala sitamwomba arudi. Nataka ayasikie kutoka kwangu.

Kaka yako,
Boniventura


Lamadi
9 Septemba 2024

Kaka Boniventura,

Shikamoo. Watoto wazima. Upepo umetulia, dagaa wameanza kurudi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Bujiku aliniuliza umeandika nini, nikamwambia umetusalimu na msiba umekwisha. Sikumsomea, na nitakwambia kwa nini.

Jumatatu ile, siku moja kabla, ulipita buchani jioni kununua maini. Ukamwambia kesho unakwenda wilayani, Lagangabilili, kufuatilia hati ya shamba la mama. Pengine umesahau. Yeye hakusahau. Mimi nilikuwa na shaka, maana magari ya kwenda huko yote hupita gulioni, na sikukuona. Yeye hana shaka hata kidogo. Mtu akisema mbele yake kwamba siku ile kijiji kizima hakikuwa na mwanaume, anamjibu, "Mwalimu alikuwa safarini. Angekuwepo, wasingegusa hata ndoana." Amemwambia hivyo imamu. Amewaambia watoto. Sauda alipotoka getini analia, alimwambia, "Hata kule kwetu yupo mtu mmoja." Nyumba tuliiacha, bucha tuliiacha, visu vyote viliibwa. Alichobeba kutoka kule ni hicho tu.

Nimekaa na barua yako wiki nzima nikijiuliza kama ninaweza kumvua hicho. Sikuweza. Nimeona pia kwamba wewe ukishamwambia utalala, na yeye ndiye ataanza kukesha. Sijui kama hiyo ni haki. Wewe ndiye uliyesoma mambo ya haki.

Unaomba ruhusa. Huku si mkutanoni, kaka, huwezi kunyimwa ruhusa ya kuja kwa mdogo wako. Panda gari la alfajiri kabla goti halijavimba. Nitapika samaki, hao hawana ugomvi wa nani amewachinja. Bujiku atafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Atakupa kiti chenye mgongo, atamtuma Sauda soda. Na kabla hujamaliza kunywa atakuuliza, kwa kuwa ananiuliza mimi tangu mwaka jana, kama siku ile kule Lagangabilili ulifanikiwa kuipata hati ya mama.

Mimi nitakuwa jikoni. Utamjibu mwenyewe.

Mdogo wako,
Nyanzobe